Uzoefu wangu na utepe wa taa za WS2812B ndani ya fasuti ya fisi

Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikitumia utepe wa taa za LED aina ya WS2812B ndani ya fasuti niliyoishona mwenyewe hapa Pittsburgh, yaani lile vazi la manyoya ya bandia linalomfunika mtu tangu kichwani hadi miguuni na kumgeuza mnyama wa kujitungia. Mnyama wangu ni fisi madoa, na nilitaka madoa yenyewe yawake rangi ya kaharabu gizani. Nilipomweleza mama kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akacheka, maana kwetu Tanga fisi anayewaka usiku si pambo, ana mwenyewe.

Kabla ya utepe huu nilijaribu ule waya mwembamba unaong'aa urefu wake wote, ambao hauwaki mpaka umeme upitie kwenye kigeuzi kidogo. Ulipinda vizuri kama uzi, lakini kigeuzi chake kililia mfululizo kama mbu, nami nilikuwa nimekificha ndani ya kichwa cha vazi, sentimita chache tu kutoka sikioni. Nilivumilia saa moja, nikakitoa.

Utepe nilionunua baadaye ni wa mita 5, wenye taa 60 kwa kila mita, umevikwa ganda la silikoni, na niliulipia dola 25. Sifa yake kubwa ni kwamba kila taa ina chipu yake, hivyo Arduino Nano, kibao kidogo cha kompyuta kinachoendesha programu unayokiandikia, huweza kuipa kila moja rangi yake kwa kutumia waya mmoja tu wa mawasiliano. Tena unakatika kwa mkasi baada ya kila taa, mahali palipochorwa alama. Nilikata vipande 32 vya taa tatu tatu, kila doa kipande chake, nikaviunganisha kwa waya laini.

Kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa kuifanya nuru itoke. Manyoya marefu huimeza taa, na kitambaa cha nyuma yake hakipitishi kitu, kwa hiyo doa langu la kwanza lilionekana kama simu iliyosahaulika chini ya blanketi. Nililazimika kukata tundu kwa kila doa, nikipitisha wembe upande wa kitambaa ili nisikate manyoya yenyewe, kisha nikaliziba kwa kiraka cha manyoya mafupi meupe niliyoyapunguza zaidi kwa mashine ya kunyolea, yenye kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga. Hata hapo taa tatu zilionekana kama nukta tatu, si doa. Kilichoniokoa ni ile sponji nyembamba nyeupe inayofungiwa vyombo vya elektroniki visivunjike: vipande viwili vyake, vikiwekwa kati ya taa na kiraka, huutandaza mwanga ukawa laini kama kaa la moto lililofunikwa majivu. Sponji hiyo sikuinunua. Ilikuja na runinga ya jirani.

Kuhusu umeme, maelezo ya muuzaji yaliishia kwenye kusema ni volti 5, na hayatoshi. Taa moja ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote huweza kula hadi miliampea 60. Zidisha kwa taa 96, unakaribia ampea 6, ilhali pawabanki ninayoibeba mgongoni hutoa ampea 2. Nilipojaribu nyeupe mara ya kwanza, madoa ya mkiani yakawaka rangi ya machungwa, kwa sababu volti hushuka kadiri njia ya umeme inavyorefuka, na buluu, inayohitaji volti nyingi kuliko nyekundu, ndiyo hufifia kwanza. Nilivuta waya mnene wa umeme moja kwa moja hadi mkiani, nikaongeza fyuzi, na katika programu nikatumia FastLED, mkusanyiko wa msimbo uliotayarishwa wa kuendesha taa kama hizi, kuweka kikomo cha miliampea 1500. Kwa kuwa kaharabu yangu haina buluu, kikomo hicho hakijawahi kunikera.

Udhaifu wake uko kwenye viungo. Kila taa huchukua amri yake na kupitisha zilizobaki kwa jirani, kama watu wanaopokezana ndoo, kwa hiyo mmoja akiangusha ndoo wote walio mbele yake hukosa maji. Nililijua hilo Jumamosi moja katika Anthrocon, mkutano wa wapenzi wa wanyama wa kujitungia kama fisi wangu, uliohamia mji huu mwaka 2006. Mtu aliniomba nimkumbatie, kiungo cha bega la kushoto kikakatika, nikazunguka ukumbini jioni nzima nikiwaka kifuani tu, mgongo na mkia vikiwa giza. Nilikuja kugundua nilipoonyeshwa picha. Lehemu huukakamaza waya, na pale inapoishia ndipo waya hupinda na kuvunjika. Siku hizi nafunika kila kiungo kwa gundi ya moto na kuacha kitanzi cha waya uliolegea mabegani na nyongani. Tangu hapo hakijakatika hata kimoja.

Kosa jingine lilikuwa langu mwenyewe: taa nilizishonea ndani ya vazi, na vazi hilo hutoka jasho jingi mno. Kulifua sikuweza, na baada ya miezi mitatu hata mimi sikutaka kulivaa. Nikafumua kila kitu, nikazihamishia taa kwenye fulana ya ndani inayoshikizwa kwa velkro, na sasa naivua kwa dakika tano kabla ya kuliosha vazi kwa maji baridi. Swichi nimeiweka kwenye kifundo cha mkono, maana vidole vikiwa ndani ya makucha ya sponji haviwezi kutafuta kitu mfukoni.

Anayetaka kung'aa mchana asijisumbue kununua, kwani juani madoa hayaonekani hata kidogo. Kwa ukumbi wenye giza na dansi ya usiku, naupa utepe huu nyota nne kati ya tano, na ile moja nimeinyima kwa sababu ya viungo. Zimebaki mita tatu na ushei kabatini, na masikio ya fisi wangu bado hayajawekwa taa.