App ya filamu za kale: nilitoa nyota tatu, sasa nimeacha moja

Mimi si mtu wa kulalamika ovyo ila hili limenikaa kooni. Nililipia hii app (jina naliacha, wenyewe wanajijua) kwa sababu moja tu, walitangaza wana filamu za Star Film, ile kampuni ya Mfaransa Georges Méliès, mzee wa mazingaombwe aliyejenga studio ya vioo kule Montreuil 1897 akatoa filamu zaidi ya 500.

Sasa huyu mzee aliibiwa sana. Ile filamu yake ya safari ya mwezini ya 1902, watu wa Edison, yule mvumbuzi Mmarekani, walidurufu kopi wakauza Marekani, yeye akabaki anatoa macho. Ndo maana ukiangalia vizuri seti zake utaona kuna nyota imepachikwa, alama ya kampuni, ili mwizi akiidurufu ijulikane ni mali ya nani.

Haya, hawa wameigongea logo yao juu ya hiyo nyota! Linang'aa mwanzo mpaka mwisho, halitoki. Nikawaandikia huduma kwa wateja, jibu: "Ndugu mteja hizo filamu hazina mwenyewe, kama inakukera usiangalie."

Hazina mwenyewe?? Mtu jeshi limemyeyushia filamu zake vita ya kwanza ya dunia litengeneze visigino vya buti, 1923 ukumbi wake wa mazingaombwe ukavunjwa kupisha barabara, mwaka huohuo akachoma negativu zake (zile filamu za asili za kutolea kopi) kwa mkono wake, akaishia kuuza midoli na pipi stesheni ya Montparnasse, halafu wewe unaniambia hazina mwenyewe!

Sawa, na yeye alijiponza, 1911 alichukua hela za Pathé, kampuni kubwa ya filamu, akaweka nyumba na studio rehani wakati watu walishachoka na mazingaombwe yaleyale, na kaka yake Gaston akaenda kuzunguka Pasifiki kupiga filamu za kampuni, filamu nyingi zikafika zimeharibika. Lakini hiyo ndo ruhusa ya kumkanyaga?

Halafu nikafungua zile za rangi. Jamani. Akina mama wa karakana ya Elisabeth Thuillier, Paris, walikuwa wanapaka kwa brashi fremu moja moja, kila mmoja na rangi yake, moshi ule mwekundu unavyotetemeka acha tu. Hasira ikaisha, nikawapa nyota tatu, nikasema hata mwezi ujao nalipia.

Juzi nafungua tena, wameongeza logo la pili kona ya chini. Nyota moja, na hiyo ni ya akina mama wa rangi. Hela yangu rudisheni.