Alinitoza Rilei Ambayo Hakuifunga

Nilitaka hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika hivyo hivyo.

Gari langu nyuma halina springi, lina mipira ya hewa. Wenye magari ya aina hii hapa Mombasa mnajua yanavyotutesa. Chumvi ya bahari hula kila kilicho chini, na asubuhi moja unakuta nyuma imelala, taa ya dashibodi inawaka na kuzima, kompyuta imesusa. Mimi nilikuwa naiogopa feri ya Likoni kama deni. Maji ya bamvua yakipwa, ule mteremko wa kushukia unakuwa mkali, na gari lililolala nyuma litakwaruza bampa mbele ya umati. Umati wa Likoni nao haujui kunyamaza.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja wa umeme wa magari, upande wa Mwembe Tayari. Nilichotaka ni swichi ya mkono: nikibonyeza juu, kompresa itie hewa nyuma inyanyuke; nikibonyeza chini, hewa itoke. Kompyuta ikae kando kwanza.

Haki yake nitampa. Mafundi wengine walishaniambia mipira imekwisha, ninunue mipya, na bei yake msiniulize. Huyu aliipaka maji ya sabuni, akakodoa macho, hapakutoka hata povu. Akaingia chini, akatoka na kauli moja: "Mipira mizima hii. Mkono wa sensa ndio ulioliwa na kutu, kompyuta haijui gari liko juu au liko chini." Na kweli ilikuwa hivyo. Jioni ile nilipobonyeza swichi, nyuma ikapanda taratibu, nikamlipa pesa yake na ya chai juu. Laiti ningeandika usiku ule mngesoma sifa tupu.

Siku si nyingi, niko kwenye foleni ya feri, nikabonyeza ninyanyue kidogo. Nikaachia. Kompresa haikuachia. Inanguruma, nyuma inapanda, inapanda, na harufu ya plastiki inayoungua inatoka chini ya usukani. Natafuta fyuzi niing'oe, fyuzi hakuna. Nikafungua boneti, nikaazima spana kwa dereva wa tuktuk, nikalegeza terminali ya betri huku walio nyuma yangu wakinipigia honi na mama mmoja mwenye beseni la samaki akiniuliza kama gari langu lina uchungu wa kuzaa.

Nyumbani nikafungua nione. Swichi ndogo, ubavuni imeandikwa ampea 10, imebebeshwa mota nzima ya kompresa! Mota ile inavuta mara mbili ya hapo na zaidi, hasa inapoanza. Ndiyo kazi ya rilei hiyo: swichi ibebe umeme kiduchu wa kuiamsha tu, mzigo wenyewe upite kwenye rilei, kwa waya mnene kutoka betri, na fyuzi ya ampea 30 iwe karibu na betri. Bila rilei, cheche zinaruka ndani ya swichi mpaka vyuma vyake vinashikana, na hapo uondoe kidole usiondoe, umeme unakwenda. Waya wenyewe aliopitisha kutoka mbele hadi nyuma ni ule mwembamba wa spika. Lakini kwenye nyaya za valvu, zile za kupitisha na kutoa hewa, aliweka dayodi, kidude cha kuruhusu umeme upite upande mmoja tu, usirudi ukaiua kompyuta. Sasa fundi anayekumbuka dayodi, rilei haijui? Anaijua sana. Mbona ameiandika kwenye risiti: "rilei na fyuzi", na bei yake pembeni.

Nikaenda na risiti mkononi. Salamu hakuitika.

"Umeibonyeza sana, mzee. Swichi si ya kuchezea."

Nikamuuliza kwa upole, fundi, rilei iko wapi? Akawageukia vijana wake: "Mwaona? Wazee wa siku hizi ufundi wausomea kwenye simu." Vijana wakacheka. Nikamwonyesha ule mstari wa risiti. Akaichukua, akachomoa kalamu sikioni, akaukata mstari, akanirudishia karatasi yangu.

"Haya, nimeifuta. Sasa hunidai."

Nimekulia mji huu. Nimetukanwa na makondakta, nimetukanwa na wachukuzi wa Marikiti, nikacheka nao. Kufutiwa risiti mbele ya macho yangu sijawahi kuona. Pesa hakurudisha, pole hakusema. Angeniambia tu "kaa hapo mzee, nikufungie rilei", ningekaa kwenye benchi lake nikanywa kahawa chungu na kuondoka namsifu. Nyota ngapi? Mbili, kwa ajili ya ile sensa. Au moja, maana kugundua sensa kuna faida gani kama gari lingewaka moto katikati ya mkondo, watu wamebanana mle, pa kukimbilia ni majini?

Kazi imerudiwa na kijana wa Changamwe. Alinionyesha rilei na fyuzi kabla ya kufunga, akang'oa waya wote wa spika, akanionya nisiiache kompresa iende mfululizo, kwa kuwa kompyuta haipo tena ya kuizima ikipata moto, na nisithubutu kuingia chini ya gari lililosimamishwa na hewa peke yake. Swichi sasa ni raha. Feri navuka, bampa zima.

Ila sensa mpya nimeshaagiza, na kijana amesema wazi kuipima na kuioanisha na kompyuta hawezi. Kila ninayemuuliza nani anaweza, ananitajia yule yule wa Mwembe Tayari! Nami nahisi nitarudi kwake, Mungu anisamehe, mikono yake ni mizuri kuliko mdomo wake. Rilei, fyuzi na waya nitanunua mwenyewe, na nitasimama pale pale mpaka amalize. Lakini kwanza anipe mia tano yangu ya rilei. Kuipiga mstari kwa kalamu si kunilipa.