Kununua German Shepherd halisi: anza na mama yake

Mbwa huyu huuzwa kwa masikio. Mnunuzi akiona yamesimama, mkono unaingia mfukoni. Mimi nawapanga wanaouzwa kama ifuatavyo, kuanzia ninayempendelea zaidi hadi nisiyemnunua.

1. Mwenye miezi sita au saba, wazazi wanaonekana. Ni ghali zaidi, lakini umbo limeshajitokeza. Msimamishe, umtazame kwa ubavu: kiwiliwili kiwe kirefu kidogo kuliko kimo. Macho yawe ya kahawia iliyokolea, umbo la lozi, na pua nyeusi. Gawanya manyoya ya mgongoni kwa vidole; chini ya yale magumu utakuta mengine laini, mazito, ya kijivu. Chotara wengi wa kwetu hawana tabaka hilo. Mkia uning'inie kama upanga uliopinda kidogo. Wa kwanza niliyemnunua, bila kumwona mama, mkia wake ulijikunja juu ya mgongo alipofika miezi mitano. Nilimpenda na nikamlea, ila nilikuwa nimelipa bei ya mbwa mwingine.

Kimo cha wazazi kipime kwa tepu. Dume pevu huwa na sentimita 60 hadi 65 begani na kilo 30 hadi 40. Jike sentimita 55 hadi 60, kilo 22 hadi 32. Ukiambiwa dume ana kilo 60, huo si ubora. Waone wakitembea pia, na uulize kama nyonga zao zimepigwa eksirei, maana jamii hii husumbuliwa sana na nyonga.

2. Wa wiki nane, yuko na mama yake. Masikio yakiwa yamelala, usimkatae. Mengi husimama kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Rangi nayo hudanganya, kwani huzaliwa weusi-weusi kisha hung'aa wakikua. Kwa hiyo mkague mama. Akiwa amekonda na manyoya yanapukutika, mara nyingi ni kunyonyesha. Akijificha kwa woga au akikuvamia bila sababu, ondoka.

3. Mwenye cheti, wazazi hawapo. Kenya, East Africa Kennel Club husajili mbwa wa mbegu safi. Linganisha jinsia, rangi na tarehe ya kuzaliwa zilizo kwenye cheti na mbwa aliye mbele yako, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kumaliza malipo.

4. Wa kando ya barabara au wa picha za simu. Hapa sinunui. Mara nyingi ameachishwa ziwa mapema mno, na kadi ya chanjo haipo.