Misaada ya Mafuriko ya Sabaki: Chakula Kilifika, Mbegu Zikachelewa

Mafuriko ya mwishoni mwa 2023, yaliyoletwa na mvua za El Nino, yalitupa sisi wakazi wa kandokando ya mto Sabaki nafasi ya kuzipima huduma mbili kwa wakati mmoja: ile ya serikali, iliyopitia kwa machifu na wazee wa vijiji, na ile ya shirika moja la hisani lililotuma fedha kwa simu. Nazitathmini hapa kama mtu atathminivyo duka alilonunua bidhaa, kwa kuwa zote mbili zimelipiwa, moja kwa kodi zetu na nyingine kwa michango ya watu wasiotujua.

Chakula cha serikali nakipa alama za juu kuliko watakavyokubali majirani zangu. Novemba ile barabara ya Mombasa kuja Malindi ilikatika pale Mbogolo, na bado unga, mafuta na maharage vilitufikia kabla watu hawajaanza kula mbegu walizookoa. Maharage yenyewe, hata hivyo, yalikuwa makuukuu. Yalichemka kutwa yasiive, na kuni zilikuwa zimelowa. Atakayepanga mgao mwingine na afikirie pojo.

Fedha za simu zilikuwa huduma bora zaidi, kwa sababu hazikumwamulia mtu haja yake: huyu alinunua misumari na mabati, yule dawa ya mtoto, mwingine akalipa deni dukani ili akopeshwe tena. Kasoro ilikuwa kwenye orodha. Mama mmoja jirani yangu jina lake lilikosewa herufi moja tu, likawa halilingani na la kwenye kitambulisho, na mfumo ukamkataa. Akaambiwa asubiri awamu ya pili, ambayo haikuja. Mbaya zaidi, wanaolima mashamba ya kukodi hawakuandikwa kama wakulima, ilhali wenye ardhi, ambao wengine wao wanakaa Malindi mjini na maji hayakuwagusa, waliandikwa.

Lakini huduma ya misaada haipimwi kwa kushibisha peke yake, na hapa ndipo zote mbili zinapoanguka. Maji ya Sabaki yakishuka huacha tope lenye rutuba, na unyevu wake hudumu kwa majuma machache tu. Anayepanda mahindi na kunde katika kipindi hicho huweza kuvuna bila kungoja mvua wala pampu, na pampu nyingi zilikuwa zimesombwa au zimejaa mchanga. Mbegu za msaada zilitolewa ardhi ikiwa imekwisha kupasuka. Zilikuwa mbegu nzuri, zimefungwa vizuri, na kila aliyepokea alipigwa picha. Wengi waliziweka darini kungoja masika. Mgao mdogo wa mbegu, lau ungetolewa pamoja na ule unga wa kwanza, ungepunguza haja ya unga wa miezi iliyofuata.

Kisingizio cha kushtukizwa sikikubali. Maji haya hutoka mbali, katika mto Athi unaopita Ukambani na kuungana na Tsavo kuwa Galana, ambao ndio Sabaki yetu, na mvua kubwa ikinyesha huko bara, huku chini tunakuwa na muda kabla maji hayajafika. Muda huo unatosha kuhakiki orodha na kupakia mbegu ghalani.

Kuhusu fedha za umma, ni haki kusema kwamba sheria inabana. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, lakini imeweka kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya kaunti, na fedha zenyewe ni za mahitaji ya haraka yasiyotarajiwa, si za kuwarejesha watu mashambani. Marekani nako, tufani ya Sandy ilipopiga Oktoba 2012, Bunge lao liliidhinisha fungu kubwa, la takriban dola bilioni 50, Januari 2013. Nyumba iliyobomoka New Jersey inaweza kuwangoja wabunge, ingawa kwa uchungu. Tope la Sabaki halimngoji mtu.

Kwa jumla, shirika la hisani nalipa alama saba kwa kumi na serikali tano, na ningeongeza mbili kwa yeyote kati yao atakayewaandika wapangaji wa mashamba kwa majina yao. Kwa upande wetu, bado wako kina mama wengi wanaotumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mume au la mtoto aliyeko Mombasa. Waende wazisajili upya kwa vitambulisho vyao kabla ya masika, kwa maana fedha zikitumwa kwa laini ya mwingine, mzee wa kijiji hana uwezo wa kuzirudisha.