Wikendi za Mwalimu wa Kiingereza Puebla: Uzoefu Wangu wa Kutembea Meksiko kwa Basi

Ninafundisha Kiingereza katika chuo cha lugha mjini Puebla, na wikendi zangu nyingi tangu nihamie hapa nimezimalizia barabarani. Ndugu na walimu wenzangu walioko nyumbani Tanga huniuliza kwanza kama mshahara wa mwalimu unatosha kuizunguka Meksiko. Kwa niliyoyaona, mshahara unatosha mradi mtu asitamani kila kitu. Kinachobana ni muda. Wikendi ya mwalimu hutosha mahali pamoja tu, na mahali penyewe pasizidi mwendo wa saa nne kutoka stendi, kwa hiyo safari zote ninazozieleza hapa nimezipima kwa kigezo hicho kabla ya uzuri wa mandhari au umaarufu wa jina.

Muda wenyewe ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Vyuo vingi vya lugha hufundisha Jumamosi asubuhi, maana wanafunzi watu wazima huwa kazini siku nyingine, hivyo mapumziko yangu huanza saa saba mchana na kwisha Jumapili usiku. Nafuu huja pale sikukuu inapoangukia Jumatatu: tangu sheria ya kazi iliporekebishwa mwaka 2006, Siku ya Katiba huadhimishwa Jumatatu ya kwanza ya Februari, kuzaliwa kwa Benito Juárez, rais wa zamani, Jumatatu ya tatu ya Machi, na Siku ya Mapinduzi Jumatatu ya tatu ya Novemba. Wenyeji huiita wikendi ya namna hiyo puente, na safari za mbali hungoja siku hizo, ingawa nchi nzima nayo huwa imezingoja.

Huduma ninayoisifu bila kusita ni mabasi. Stendi kuu ya Puebla, inayojulikana kwa kifupi kama CAPU, imekusanya madirisha ya kampuni nyingi chini ya paa moja, na basi la daraja la kwanza huondoka kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, hata kama limejaa nusu. Kiti unakichagua mwenyewe wakati wa kununua, mzigo wa kwenye buti hubandikwa namba nawe ukapewa kipande chake, na hakuna abiria anayesimama. Yapo mabasi ya bei nafuu yanayosimama njiani mara kwa mara, lakini kwa safari ya siku moja na nusu akiba ya nauli huliwa na saa zinazopotea. Wakati wa likizo za shule walimu hupunguziwa asilimia 25 ya nauli na wanafunzi asilimia 50 wakionyesha kitambulisho. Viti vya punguzo hilo ni vichache katika kila basi, kwa hiyo anayechelewa dirishani hulipa nauli kamili. Abiria mpya ajue pia kwamba kiyoyozi hapa huvuma usiku kucha kana kwamba tumebebwa kama samaki wa kupelekwa sokoni, hivyo sweta ishikwe mkononi na isiwekwe kwenye buti.

Cholula iko karibu mno hata siihesabu kuwa safari. Piramidi yake, ambayo kwa ujazo ni kubwa kuliko zote duniani, imefunikwa na udongo na majani kiasi kwamba mgeni hudhani ni kilima chenye kanisa juu yake, na kutoka uani mwa kanisa hilo la Wahispania, asubuhi isiyo na mawingu, volkano ya Popocatépetl huonekana ikifuka moshi. Mlima huo umekuwa hai tangu mwaka 1994 na hairuhusiwi kuupanda hadi kileleni. Atlixco, mji wa wauza maua ulio kusini-mashariki mwa volkano hiyo, unatosha kwa mlo wa mchana na kununua miche, na sioni haja ya kulala huko.

Cuetzalan, katika milima ya Sierra Norte, ndiyo safari ninayoipa alama za juu kuliko zote, japokuwa inagusa ukomo wa zile saa zangu nne na sehemu yake ya mwisho ina kona zinazomtaabisha mwenye tumbo jepesi. Huu ni mji wa Wanahua, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Meksiko, wenye mitaa ya mawe iliyoinama kuelekea kanisani, mvua nyingi, ukungu wa ghafla na mashamba ya kahawa yaliyofichwa chini ya miti mirefu. Viatu visivyoteleza ni vya lazima. Soko la Jumapili hujaza uwanja na ngazi zake kwa kahawa, viungo na mboga za porini, na wanawake wengi hufika wakiwa wamevaa mavazi yao meupe ya kitamaduni kwa sababu ndiyo mavazi yao, wala si kwa ajili ya kupigwa picha. Mbele ya kanisa umesimama mti mrefu wa voladores: wanaume watano hupanda hadi juu, mmoja hubaki kileleni akipiga zumari na ngoma ndogo, na wanne hujiachia vichwa vikiwa chini, wamefungwa kamba, wakizunguka mara 13 kila mmoja hadi wafike ardhini. Kumi na tatu mara nne ni 52, idadi ya miaka katika mzunguko wa kalenda ya kale ya Mesoamerika. UNESCO iliiandika ibada hiyo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2009. Wachezaji hupitisha kofia baada ya kushuka, na ni aibu kuondoka bila kuweka kitu.

Kinachonifanya niuweke mji huu mbele ya miji yenye majina makubwa zaidi ni kwamba fedha ya mgeni hubaki kwa wenyeji. Chama cha ushirika cha Tosepan Titataniske, kilichoanzishwa mwaka 1977, hununua na kuuza kahawa ya wanachama, pilipili ya Jamaika (allspice), na asali ya nyuki wadogo wasiouma wanaofugwa ndani ya vyungu vya udongo vilivyofunikana midomo. Ushirika huo una pia nyumba yake ya wageni, Tosepan Kali, iliyojengwa kwa mianzi katikati ya miti, na huko ndiko ninakopendekeza mtu alale. Sisi tuliokulia katika nchi ya vyama vya ushirika vya kahawa, na tunaojua vingi vyake viliishia wapi, tunaweza kukaa na wanachama hao kwenye baraza na kuuliza maswali mengi kuliko mtalii wa kawaida.

Veracruz ni safari ya aina nyingine kabisa. Basi hutoka Puebla, zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na baada ya tambarare kavu huteremka ghafla katika kona za Cumbres de Maltrata, ambako ukungu ni wa kawaida na madereva wa malori hawana subira. Kushoto, hali ya hewa ikiruhusu, huonekana Pico de Orizaba, mlima mrefu kuliko yote Meksiko wenye mita 5,636, pungufu ya Kilimanjaro kwa mita zipatazo 260. Joto la pwani humpokea abiria mlangoni mwa basi, na kwa mtu wa Tanga hilo peke yake ni sababu ya kwenda. Ngome ya San Juan de Ulúa, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1535, imejengwa kwa mawe ya matumbawe, na nilipoushika ukuta wake nilijikuta ninatafuta chokaa kwa kidole kama ninavyofanya Pangani. Gran Café de la Parroquia hupendwa na kila mtu, nami nimo: mteja hugonga bilauri kwa kijiko, mhudumu huja na birika na kumimina maziwa ya moto kutoka juu bila kumwaga tone. Jioni wazee hucheza danzón, dansi ya polepole ya wawili wawili, uwanjani, wakiwa wamevaa nadhifu. Fukwe za mjini, hata hivyo, zina mchanga wa kijivu na maji yasiyoonyesha chini, na kati ya Novemba na Februari pepo kali za kaskazini huweza kukufungia hotelini. Anayetaka kuogelea asije Veracruz kwa ajili hiyo.

Kwa msomaji Mwafrika naongeza mji mdogo wa Yanga, karibu na Córdoba, katika njia hiyo hiyo ya Veracruz. Umepewa jina la Gaspar Yanga, Mwafrika aliyetoroka utumwa na kuongoza jamii ya waliotoroka milimani. Wahispania walimpelekea jeshi mwaka 1609, wakashindwa kummaliza, na hatimaye wakakubali watu wake wawe na mji wao huru, San Lorenzo de los Negros. Wakaazi huutambulisha kuwa mji huru wa kwanza katika mabara ya Amerika. Kusema kweli, nje ya sanamu yake, uwanja na sherehe za mwezi Agosti, hakuna mengi ya kutazama, na saa mbili zinatosha. Nilikaa zaidi kwa sababu ya mazungumzo. Mitaani Puebla huulizwa kama mimi ni Mkuba au Mhaiti. Pale Yanga mzee mmoja aliniuliza natoka sehemu gani ya Afrika, kisha akataka kujua tunalima nini. Katiba ya Meksiko iliwatambua wananchi wenye asili ya Afrika mwaka 2019 tu, na sensa ya mwaka 2020 ikahesabu zaidi ya milioni 2.5 waliojitambulisha hivyo.

Oaxaca nimeitoa katika orodha ya wikendi za kawaida. Mabasi ya ADO hutumia saa nne na nusu hadi tano, na mtu aliyetoka darasani saa saba hufika usiku, akazunguka Jumapili asubuhi kwa haraka na kugeuza. Mji ule unataka puente. Monte Albán, mji wa Wazapoteki ulioanzishwa takriban mwaka 500 kabla ya Kristo juu ya mlima uliosawazishwa, hauwezi kutazamwa na mtu anayeangalia saa, wala tlayuda, chapati kubwa ya mahindi ya huko, haifai kuliwa kwa papara. Kampuni moja ya matembezi ilitupeleka kwenye maduka mengi kuliko magofu. Tangu hapo hupanda gari dogo la abiria pamoja na wenyeji. Njia ya kwenda Santiago Matatlán imezungukwa na mashamba ya agave inayokamuliwa mezcal, pombe kali ya huko. Mimi si mnywaji, lakini nilisimama pale kwa muda mrefu, kwa sababu ni ndugu wa mkonge wetu. Mkonge asili yake ni Meksiko, na Mjerumani Richard Hindorf alipouingiza Tanganyika mwaka 1893, ni miche 62 tu iliyofika hai. Hapa hawataki nyuzi za majani: wanakata majani yote, wanang'oa kitovu na kukioka shimoni juu ya mawe ya moto.

Jiji la Meksiko liko saa mbili tu, na treni ya chini ya ardhi kutoka stendi ya TAPO hugharimu peso 5. Jumapili makumbusho na magofu ya serikali huwa bure kwa raia na kwa mgeni mwenye kadi ya ukaazi, kwa hiyo Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia hufurika kuanzia mchana. Mwalimu mwenye kitambulisho cha kazi kinachokubalika huingia bure hata siku nyingine, na ndiyo maana mimi huenda wakati wa likizo.

Kadi hiyo ya ukaazi ibebwe yenyewe, wala nakala isitegemewe, hasa kwa safari za kusini, ambako basi husimamishwa na abiria kuombwa vitambulisho. Mwenye sura ya ugeni huombwa kwanza. Na tiketi ya kurudi inunuliwe kabla ya kuondoka Puebla, kwani viti vya Jumapili jioni kutoka pwani huisha mapema, na mabasi ya Cuetzalan ni machache. Kipindi changu cha kwanza Jumatatu ni saa moja asubuhi, na mkuu wa chuo hakubali ukungu wa Maltrata kuwa udhuru.