Uchambuzi wa kitabu: «With the Old Breed» cha Eugene Sledge, na ukurasa uliowagawa wasomaji wa Tabora

Mwangaluka, ndugu watazamaji, na karibuni tena katika chaneli yetu ya vitabu kutoka hapa Tabora mjini. Kitabu nilichokishika kimeandikwa na Eugene Sledge, Mmarekani aliyepigana katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia akiwa askari wa kawaida wa Kikosi cha Marine, na kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1981. Idadi ya kurasa na aina ya karatasi mtaziona katika maelezo yaliyo chini ya video, kwa hiyo sitawachosha nazo. Kilichonifanya niwashe kamera leo ni kwamba watu niliowaazima nakala hii wameirudisha wakiwa na maoni yanayogongana kiasi kwamba ungedhani kila mmoja alipewa kitabu chake.

Niwatajie kwa ufupi mwandishi ni nani. Sledge alizaliwa Mobile, katika jimbo la Alabama, mwaka 1923, mtoto wa daktari. Aliwekwa katika mafunzo ya kuwa ofisa, lakini yeye na wenzake wengi wakajifelisha makusudi ili wapelekwe vitani upesi wakiwa askari wa kawaida. Akapangwa Kombania K, kwenye mizinga midogo ya mota, akapigana mara mbili katika visiwa vya Pasifiki dhidi ya Wajapani: Peleliu kuanzia Septemba 1944, na Okinawa kuanzia Aprili 1945. Askari walikatazwa kuandika shajara, hivyo alichokuwa akiandika alikificha ndani ya Agano Jipya dogo alilolibeba mfukoni. Baada ya vita alisoma hadi akawa profesa wa biolojia, na hilo la biolojia mlikumbuke, maana linaonekana katika namna anavyoeleza nzi, matope na mizoga kwa utulivu wa mtu aliyezoea kutazama vitu kwa karibu.

Sasa nianze na malalamiko, kwa sababu yapo. Ramani za kitabu hiki, angalau katika nakala yangu, ni ndogo mno. Naisogeza hii ya Peleliu karibu na kamera, na ninyi niambieni kama mnaweza kusoma jina lolote juu yake. Tena sura za mwanzo zinazohusu mafunzo zina majina ya silaha na vyeo yanayorundikana hadi msomaji asiyewahi kupita hata JKT anapotea njia. Kijana mmoja wa chuo hapa mjini, ambaye alikichukua akitarajia hadithi ya ushujaa, alikirudisha akisema kwamba hajaona shujaa hata mmoja, ameona watu wenye kiu tu. Nilicheka, kisha nikaona kwamba, bila kukusudia, amekieleza kitabu vizuri kuliko jalada lake.

Kiu ile ilikuwa ya kweli. Joto la Peleliu lilifika nyuzi 46, kisiwa chenyewe ni mwamba wa matumbawe usiochimbika, na maji yaliyoletwa ufukweni yalikuja katika mapipa ya mafuta ambayo hayakusafishwa ipasavyo, kwa hiyo askari walikunywa kutu na mafuta wakatapika. Sisi tunaoijua Oktoba ya Tabora kabla mvua hazijaanza tunaweza kukisia nusu ya habari hiyo. Ile nusu nyingine ni kwamba mwamba usiochimbika haukubali handaki, wala choo, wala kaburi, na Sledge haruki hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Jenerali aliyewaongoza aliwaahidi kwamba mapigano yangekwisha kwa siku chache. Yalidumu zaidi ya miezi miwili. Kombania K iliingia na watu 235, na waliotoka bila jeraha walikuwa 85.

Haya, sasa tuje kwenye ukurasa wenyewe. Nimeweka vikaratasi vyekundu sehemu tatu, nanyi mtaviona nikikiinua kitabu hivi, na ningependa tuzifuate kwa mpangilio wake, kwa sababu mpangilio ndio unaofanya kazi yote.

Kikaratasi cha kwanza ni pale Sledge anapomwona askari mwenzake akimng'oa meno ya dhahabu Mjapani aliyejeruhiwa. Yule Mjapani bado yu hai, kisu kinateleza, na mashavu yanachanwa. Wengine wanapiga kelele wakitaka amalizwe ili asiteseke, hadi mmoja anakuja na kumpiga risasi, naye mng'oaji anaendelea na kazi yake. Mwandishi anatusimulia kitendo cha mwenzake, nasi wasomaji tunamhukumu huyo mwenzake tukiwa tumekaa raha mstarehe upande wa wema.

Kikaratasi cha pili kipo mbele zaidi, wakati mapigano yamesonga na watu wamechoka. Mara hii ni Sledge mwenyewe anayeinama juu ya maiti akiwa na kisu, naye anataka meno. Hapo ndipo msomaji anapogundua kwamba raha ile ya kukaa upande wa wema ilikuwa mtego. Tabibu wa kombania, rafiki yake, anamwona na kumwuliza wazazi wake wangesema nini, kisha anamwambia aache kwa sababu ya vijidudu vya magonjwa. Sledge, mtoto wa daktari, anakubali na kuacha.

Kikaratasi cha tatu ni mistari michache tu inayofuata, ambapo mwandishi, akiwa sasa mtu mzima anayekumbuka, anatambua kwamba yule tabibu hakuwa na shida yoyote na vijidudu. Alikuwa akimwokoa asipoteze kile kidogo cha utu kilichokuwa kimebaki ndani yake.

Hakuna askari niliyemwazima kitabu hiki aliyeipita sehemu hii bila kusema neno, na hakuna raia pia, lakini maneno yao hayafanani kabisa. Mzee mmoja mstaafu wa JWTZ, aliyepigana Vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, aliniambia kwa heshima zake zote kwamba kila kinachosemwa kuhusu uchovu, uchafu na hofu ni kweli tupu, ila yale ya meno yalipaswa kubaki mahali yalipotendeka. Kwa maoni yake, askari anaweza kujivua nguo mwenyewe, lakini hana ruhusa ya kuwavua wenzake mbele ya watoto wao. Nilimwuliza, «Mzee, kama hakuna anayesema, sisi tutajuaje?» Akanijibu kwamba si kila mtu anahitaji kujua. Nami nawajulisha kwamba mzee huyo huyo ameniomba kitabu tena.

Mwalimu mmoja wa historia, dada ninayemheshimu sana kwa usomaji wake, alikuja na lawama ya upande mwingine kabisa. Yeye haoni kwamba Sledge amesema mengi mno. Anaona amesema machache mno kuhusu Wajapani. Katika kitabu kizima, alisema, adui ni risasi, ni sauti gizani, ni maiti na ni meno, lakini hana jina wala mama wala barua mfukoni, na chuki dhidi yake inatajwa waziwazi kama vile mtu anavyotaja hali ya hewa. Nilipinga kwanza. Kisha nilirudi kusoma nikiwa na lawama yake kichwani, na nakiri ana hoja kubwa. Sledge anakubali kwamba walichukia, anaeleza kwamba pande zote mbili zilichukia, na anaonyesha jinsi askari wa Japani walivyoharibu miili ya Wamarekani waliokufa, lakini hakuna mahali anapoketi kumfikiria mtu wa upande wa pili kwa muda mrefu. Mimi hata hivyo nauona huo ni ukweli wa aina yake: askari wa miaka 20 aliye chini ya mizinga hakuwa na nafasi hiyo, na mwandishi mzee alikataa kumkopesha hekima ambayo hakuwa nayo.

Naomba nitoke kidogo kwenye mstari. Watazamaji kadhaa wameniomba nikilinganishe kitabu hiki na kumbukumbu za Paul von Lettow-Vorbeck, jenerali wa Kijerumani aliyepigana katika ardhi yetu tangu 1914 hadi aliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Linganisho hilo halinivutii, na sababu yangu ni moja. Lettow anaandika kama kamanda anayetetea mipango yake, na wapagazi waliobeba vita ile mabegani, wakiwamo wengi kutoka huku Unyamwezini, wanapita katika maelezo yake kama mizigo inayotembea. Ukitaka kujua Tabora ilivyoangukia mikononi mwa Wabelgiji Septemba 1916, soma historia. Ukitaka kujua vita vinamfanyia nini mtu aliyebeba, jenerali hatakusaidia. Kuna pia wenzetu wanaofanya uchambuzi kwa kusoma jalada la nyuma mbele ya kamera, nao wamekwisha kuviita vitabu vyote viwili «vya kusisimua». Tuyaache hayo.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili: katika mwaka ule ule wa 1944, vijana wa Afrika Mashariki waliovaa sare za Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, walikuwa Burma katika Divisheni ya 11, wakipigana na jeshi lile lile la Japani, kwenye bonde la Kabaw, katika mvua na malaria. Wazee wa Keya walirudi huku na medali, wakakaa vibarazani, na wengi wao wameondoka bila mtu kuwaketisha na daftari. Kila nilipofungua ukurasa wa Sledge nilikuwa nikijiuliza mzee wetu wa Burma angeandika nini mahali hapo, na kama angekutana na tabibu.

Turudi kwa tabibu, kwa maana ndiye aliyeyabadilisha maoni yangu. Nilipoanza kuiandaa video hii nilikusudia kusema kwamba nguvu ya kitabu ni ujasiri wa mwandishi kujishtaki. Muuguzi mmoja wa hapa mjini, aliyekisoma akiwa zamu za usiku, aliniambia kwamba nimesoma vibaya kidogo: mwandishi hajishtaki, anamshukuru mtu. Alisema kwamba yeyote aliyewahi kufanya kazi wodini anaujua uongo ule wa upole, pale unapompa mgonjwa sababu ndogo anayoweza kuikubali kwa sababu ile kubwa ingemfedhehesha. Tangu aliponiambia hivyo siwezi kukiona kikaratasi cha pili kwa jicho la zamani.

Msomaji anayefika Okinawa ajue kwamba mambo hayapoi. Kuna kilima chenye matope na maiti ambako askari akiteleza na kuanguka anainuka akiwa na funza mifukoni. Kuna bibi kizee mwenye jeraha lililooza, ambaye Sledge anamwacha ili akamtafute tabibu, na kabla hajafika mbali anasikia mlio wa bunduki ya askari mwingine. Sitaisimulia zaidi. Katika wale waliotua Okinawa wakiwa tayari wameonja Peleliu, kombania ilibakiwa na 26.

Na mwisho wa kitabu umezua ubishi wake. Baada ya kutuambia kwamba vita ni unyama na upotevu mtupu, Sledge anafunga kwa kusema kwamba nchi inayofaa kuishi ndani yake inafaa pia kupiganiwa. Mwalimu anauona huo ni usaliti wa kurasa zote zilizotangulia. Mzee anasema hapo ndipo kijana alipokua. Mimi naegemea kwa mwalimu nikiwa nimekasirika na kwa mzee nikiwa nimetulia, na leo, kama mnavyoniona, nimekasirika.

Kuhusu bei: nakala hii imekwisha kutumika, niliagiza Dar es Salaam, na pamoja na kuisafirisha kwa basi imenigharimu shilingi 40,000. Ni ghali, lakini ningeilipa tena, ingawa ningetafuta toleo lenye ramani kubwa zaidi. Kiingereza chake ni chepesi, na mtu wa kidato cha nne anakimudu. Hata hivyo, simwazimi mwanafunzi bila mzazi wake kuja mwenyewe, kwa hiyo wale vijana watatu walioacha majina yao dukani wawalete wazee wao. Kuanzia wiki ijayo video zetu zitatoka Jumamosi jioni badala ya Jumapili, kwa sababu ya kelele za mtaa huu, na inayofuata itahusu mashairi.