Chaldroni ya Newcastle na Chaldroni ya London

Neno moja, mizigo miwili. Chaldroni, kipimo cha kale cha makaa ya mawe Uingereza, lina asili ya Kifaransa: sufuria kubwa.

Newcastle, makaa yalikopakiwa melini, chaldroni ilikuwa uzito: kilo 2,700 hivi. London ilikuwa ujazo, busheli (kipimo cha kale cha ujazo) 36 za kilele, rumbesa hasa, na uzito wake ulikuwa karibu nusu tu ya ile ya Newcastle. Hapo ndipo ujanja ulipoingia: bonge likivunjwavunjwa hujaza vipimo vingi zaidi, basi wauzaji walivunja kwa bidii. Mimi ningenunua kwa mizani ya Newcastle. Sheria ya 1835 ilipiga marufuku vipimo vya kilele, makaa yakauzwa kwa uzito.